Kinyonga wa Mejumaa

Mjukuu wangu Mwanasha,

Salamu zetu zikufikie huko Nakuru. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako amepata nafuu ya kikohozi, na mbuzi amezaa pacha.

Umeniuliza ufanye nini watoto wako wa chekechea wakiogopa wadudu mnapotoka kutembea porini. Swali lako limenitia haya. Nilipokuwa mwalimu kijana hapa Kikoneni, niliwapeleka watoto mtoni wakaangalie majani na wadudu, nikawaambia wasiogope chochote. Mara mtoto mmoja, Mejumaa, akaniletea kinyonga juu ya kijiti. Nilipiga ukelele, nikakimbia hadi barabarani, nikawaacha watoto wa watu kando ya maji.

Akili iliponirudia nilirudi mbio. Niliwakuta wameketi, wameshikana mikono.

“Mwalimu, tulikuwa tunakungoja,” Mejumaa akasema. “Kinyonga tumemrudisha mtini. Ukitaka kumtazama, nitakushika mkono.”

Sikuweza kumtazama Mejumaa usoni, lakini mkono nilimpa, tukaenda kumwona kinyonga pamoja.

Tangu siku ile sikumwambia mtoto tena asiogope. Nilimpa mkono tu.

Akuombeaye heri,
Bibi yako