Pweza wa Mama Khalfani

Jumatano

Kamati ya chuo, eti! Watu wazima tunakaa kwenye kiyoyozi na sambusa zetu, kisha tunaogopa kumfukuza kijana ambaye hata darasani hatumuoni.

Kanuni ni nyepesi. Ukishindwa muhula mmoja unawekwa chini ya uangalizi, ukishindwa tena unaondoka. Khalfani kashindwa mihula mitatu mfululizo na bado yupo. Mwenyekiti husema, "Tumpe nafasi, ni mtoto wetu," na sisi tunaitikia kama watu wa maulidi.

Leo alasiri mama yake kaja kwangu Jang'ombe, katoka Chwaka na pweza ndani ya ndoo. Nikajua ni yaleyale. Hata shikamoo niliitoa shingo upande.

"Mama, mimi sipokei kitu. Kesho kwenye kikao siwezi kumtetea mwanao."

"Nani kasema umtetee?" Akaitua ndoo. "Mfukuzeni! Chuoni hasomi, nyumbani anashinda na simu barazani. Nikimtuma, ananambia yeye msomi. Nikimgombeza, ananijibu mbona chuo chenyewe hakijamkataa."

Nikaigeukia ndoo nimrudishie. Mama yangu, ambaye haya yote hayajui, alikuwa keshampeleka pweza jikoni.

Nimemla. Tui lilikolea.

Kesho itabidi ninyooshe mkono mbele ya waoga wenzangu. Wenzangu, ndiyo, maana nami niliitikia.

Miaka yote naogopa nisije nikahongwa nikavunja kanuni. Leo nimehongwa niifuate.