Kikwembe ya Orkestre Yetu

Mujukuu wangu Mireille, jambo kule Bruxelles. Huku Kampemba tuko bazima, na yaya yako Alain, ndugu yako mukubwa, ameoa.

Unauliza kama iko bujinga kupenda orkestre ya rock vile. Wakati nilikuwa na miaka yako, siye babinti ba avenue moja tulishona kikwembe, kitenge ya namna moja, nyekundu, ya kuvaa ku konseri ya orkestre yetu, ile tulipenda sana. Mama alikasirika: «Kikwembe ya namna moja iko ya ndoa na ya kilio!» Nilivaa tu.

Orkestre ilivunjika zamani. Lakini siku tulizika bwana yangu, bale babinti, sasa banamuke bazee, baliingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu, na ile nyekundu, imepauka. Bantu balishangaa. Miye nilisimama, nikaenda kuvaa yangu.

Shona yako, mutoto.

Nkambo wako