Kofia ya Pama Mbele ya Wazee wa Posa

Kwako Bi Kavumbi wa ukurasa wa ushauri,

Salamu zangu ni fupi kwa sababu nina hasira, na kuandika nimejifunza ukubwani katika darasa la ngumbaru, basi nikikosea nukta nisamehe, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo ambalo ndugu zangu watalizungumza mpaka kiyama. Mimi ni Mwanaima, mke wa Iddi, tuko hapa Msambweni, na mume wangu huyu alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Diani miaka kumi na tisa, mtu mpole, mtu wa adabu, adabu yenyewe ni kwamba kila akiingia na sinia ya chai aliivua kofia yake mlangoni kwa kuwa bwana yule hakupenda kuona boi amefunika kichwa ndani ya nyumba, na hata siku moja sikumsikia Iddi akinung'unika. Uhuru ulipokuja Mzungu akauza nyumba akaenda kwao, Iddi akarudi nyumbani kulima mihogo, na huu ni mwaka wa tatu, mambo yangekuwa mazuri tu lau si ghala la kopra la Ukunda.

Mwenye ghala hilo amelifanya sinema, kila Jumamosi baada ya alasiri madirisha yanazibwa magunia, wanaume wanajazana kwenye mabenchi kutazama majambazi wa Amerika, filamu kuukuu Bi Kavumbi, imekatika na kuungwa mpaka mtu anaanza kucheka chumbani anamalizia barabarani, na Iddi ameitazama hiyo hiyo moja mara kumi na moja! Nikamwuliza, huyo jambazi si hufa mwishoni? Akasema, hufa. Sasa unakwenda kutazama nini? Alipoanza kutembea na kijiti cha meno mdomoni nilinyamaza, aliponunua kofia ya pama, ile pana ya kuinamishia jichoni, nilicheka, alipoanza kula akiupa ukuta mgongo ati asije akashambuliwa kwa nyuma, ashambuliwe na nani, na kuku?, nikasema ni utu uzima unamchezea, utapita.

Haukupita. Juma lililopita wazee wanne walikuja kutoka kisiwa cha Funzi kumposa binti yetu Biasha, mbele yao Mzee Mwero, ami yake huyo kijana Abdurahman, fundi seremala, mtu wa sala tano, na Biasha mwenyewe anamtaka. Nimetandika mkeka mpya, nimetengeneza tambuu, nimeweka halua, natoka nje nini naona, Iddi amekalia kiti, kile kimoja tulicho nacho, kofia kichwani, wazee wako chini kwenye mkeka! Mzee Mwero akatoa salamu, Iddi akainua kidole. Wallahi kidole! Salamu ya Mungu inajibiwa kwa kidole? Kisha akasema na kijiti mdomoni, "Nani amewatuma?" Wazee wakatazamana. Mzee Mwero, mtu wa miaka sabini, akasema polepole, "Tumekuja kuomba mtoto, Iddi." Akajibiwa, "Ongeeni upesi. Hapa nasema mimi." Mzee Mwero akainuka, akatafuta viatu vyake, akasema tu, "Tulidhani tumefika kwa Iddi," wakaenda zao na fedha za kilemba walizokuja nazo, halua haikuguswa.

Niliichukua ile kofia nikaitia motoni chini ya chungu cha mbaazi, ikateketea yote, naye akasimama pale akaitazama, hakunipiga, hakunitukana, na tangu siku hiyo hasemi na mtu. Mzee Mwero ameleta neno kwamba watangoja mpaka Ijumaa ya pili, kisha watakwenda kuposa kwingine, na Biasha hali chakula, amelala amegeukia ukuta. Kaka yangu Fondo anasema nimpelekee mtoto kwake, sisi Wadigo tangu zamani mjomba ndiye mwenye mtoto, yeye atawapokea wazee na yeye atamwoza, Iddi abaki na sinema zake. Sanduku la Biasha nimekwisha kulifunga. Nimtoe au nisimtoe? Nijibu upesi, maji yamezidi unga.

Mwanaima, Msambweni


Mwanaima,

Fungua hilo sanduku kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Barua yako niliisoma nikacheka, Mungu anisamehe, ni hao kuku wako. Nikaisoma tena nikakasirika, na hasira niliyo nayo inawatosha nyote wawili, na kaka yako pia akiitaka.

Nianze na mumeo. Kidole! Mtu mzima, amesoma Kurani chuoni, anamjibu mzee wa miaka sabini kwa kidole? Iddi, wazee wamevuka maji kuja kukuheshimu, wametaka ukoo nawe, kisha unawauliza nani amewatuma? Ukisomewa haya, jua kwamba ningekuwa Mzee Mwero nisingengoja hata hiyo Ijumaa ya kwanza. Aibu yako ameibeba binti yako, ndiye asiyekula.

Sasa wewe, Mwanaima. Unamwuliza anakwenda kutazama nini ikiwa jambazi hufa. Umeuliza vizuri, ila hukungoja jibu. Sinema hizo zilitengenezwa wewe hujaolewa, waliozicheza wengine wamekwisha kufa, na ghala bado linajaa. Unadhani wanaolijaza ni wezi? Mwizi hana haja ya kwenda kujifunza kwenye benchi. Wanaokwenda ni wapishi, madobi, makuli, matarishi. Jambazi yule ni mwana wa masikini, mfupi, hana shule, na siku moja anakataa kuambiwa "wewe, njoo." Akiingia mahali, watu wanasimama. Mwisho atauawa, wanajua, wamekwisha kumwona akiuawa mara kumi. Wanarudi kwa ajili ya ile saa moja kabla hajafa.

Nawe umeniandikia kwa kalamu yako, tena kwa kujivuna, kwamba mumeo aliivua kofia mlangoni kwa Mzungu miaka kumi na tisa, ukaiita adabu. Adabu gani hiyo! Mwislamu anavuliwa kofia yake kila siku kwa ajili ya sinia ya chai, mtu mwenye mke na mtoto anaitwa boi, na wewe ukaona ananyamaza ukadhani hana kitu moyoni. Alikuwa nacho. Kosa lake ni kwamba aliyemvua kofia amekwisha panda meli, naye amelipiza hasira ile kwa wazee wa watu ambao hawakumkosea lolote. Kosa hilo ni kubwa, simtetei. Lakini alipopata kofia ambayo hakuna wa kumwambia vua, wewe ukaitia chini ya mbaazi.

Na hapo unataka kumalizia kwa kumchukulia mtoto! Mjomba ana heshima yake, Fondo simdharau, lakini kadhi atauliza baba wa binti yuko wapi. Yu hai, yuko Msambweni, ana akili zake. Utajibu nini, kwamba alikuwa na kofia mbaya? Ukimwoza Biasha kwa mlango wa nyuma, umemfanya Iddi boi tena, safari hii ndani ya nyumba yake mwenyewe, na wala hapana meli ya kukuchukua wewe ukaenda zako.

Sikiliza utakalofanya, na usinipunguzie hata moja. Kofia umeichoma wewe, utainunua wewe. Uza kuku, nenda Ukunda, tafuta ya pama pana kama ile. Mpe mkononi, umwombe radhi kwa neno lile la adabu, kisha umwambie kwamba Alhamisi, kabla ya Ijumaa yao ya pili, mnakwenda Funzi. Fondo naye aende, aketi ubavuni kwa Iddi, afunge mdomo mpaka aulizwe. Kijiti cha meno kibaki nyumbani. Kofia aivae njia nzima, wanaotaka kucheka wacheke.

Mkifika mlangoni kwa Mzee Mwero, wewe nyamaza. Usimkonyeze, usimvute kanzu, usimwambie vua. Ataivua mwenyewe, atatoa salamu yeye kwanza, ataketi mkekani na kusema, "Nimekosa, wazee wangu." Miaka kumi na tisa ameivua kofia kwa kuamriwa. Mwache aivue mara moja kwa kupenda.