Ghala la Kabula

Jumamosi. Mawingu yanatutania tangu asubuhi, yanajikusanya juu ya ziwa halafu yanaondoka zake. Niko juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu, Butimba, nageuza viazi nilivyokatakata vikauke viwe michembe. Roho inaniuma, acha niseme.

Wiki iliyopita binti yangu Kabula, wa darasa la nne, aliniuliza chakula kikishaliwa kinaenda wapi. Nikajitia mwalimu. Nikamwambia ugali unavunjwavunjwa tumboni unakuwa sukari, damu inaisambaza, ndiyo inayomwezesha kukimbia, kuwaza, hata kupumua akiwa amelala. Inayobaki, ini na misuli huweka kidogo ya kutumia karibuni. Ikizidi hapo inageuzwa mafuta, akiba ya muda mrefu, kama michembe ya bibi yake kule Magu.

Hapo ningenyamaza.

Nikamfinya kitumbo, nikacheka: "Na wewe ghala lako limejaa, kibonge wangu!"

Kwetu hilo ni neno la mapenzi. Mama aliniita hivyo mbele za wageni, akijisifu kwamba mwanawe analishwa. Kabula hakucheka. Niliona, nikaendelea kuosha vyombo.

Jana nikapigiwa simu kutoka shule: ameanguka wakati wa michezo. Nilifika na kandambili zisizofanana, nikamkuta ananyweshwa uji. Kumbe siku zote hizo uji wa asubuhi alikuwa anawamwagia kuku! Na mimi nawasifu kuku kwa kunenepa.

"Bibi hagusi michembe mpaka viazi vibichi viishe," akanieleza. "Nami nilitaka ghala langu lifunguliwe, liishe."

Jamani, mtoto alinielewa vizuri mno. Mimi ndiye sikumalizia somo. Sikumwambia kwamba kile kidogo cha kwenye ini hupungua usiku, ndiyo maana asubuhi tunakula. Wala kwamba mwili wa mtoto unajengwa kila siku, na mafuta yale hayana aibu yoyote.

Leo nimemwambia yote, nikamwomba radhi. "Sawa, mama," akajibu, kwa sauti ndogo ambayo siipendi. Lile jina sitalitamka tena. Na uji wa asubuhi nitakunywa naye, nimekaa.

Sasa hivi amekuja kunisaidia kugeuza. Ameokota kipande kilichokauka, akakishika mkononi, akaangalia kwanza kama namtazama.

Nimegeuzia uso ziwani, ili ale.