Namba Pembeni ya Mstari wa Kinanda

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za kaka yako. Natumaini wewe na wajukuu hamjambo, na macho yako bado yanaliona tundu la sindano. Mimi sijambo ya kusema tu. Daktari ameacha kunikataza vitu. Siku hizi ananiambia nile ninachopenda, na wewe unajua maana yake. Wifi yako anakusalimu. Ananifokea kama kawaida, na hiyo ndiyo dawa pekee inayonikaa.

Nimemwomba anitolee kabatini ile kompyuta ya zamani ya kuchomeka kwenye televisheni, tuliyokuwa tunarekodia muziki chumba cha mbele. Wanangu hawaamini kwamba kitu chenye umbo la taipureta kiliwahi kuongoza bendi. Nimewaeleza kwamba kinanda kiliungwa kwa waya, na ulipobonyeza, kompyuta haikuhifadhi sauti bali habari tu: noti gani, wakati gani, kwa nguvu gani. Kisha ilikiamuru kinanda kizirudie chenyewe. Wamenitazama kama naeleza namna ya kuwasha moto kwa mawe.

Imewaka. Disketi nyingi zimekufa, lakini moja imesomeka, na ndani yake umo wewe. Unaikumbuka siku ile? Kuna jambo lake nataka kukuambia. Nimeshika simu mara kadhaa nikaishia kukuuliza habari za mvua. Ndiyo maana naandika. Leo mkono umechoka. Niambie kwanza kama unakumbuka.

Kaka yako

15 Machi

Kaka mpendwa,

Barua yako imenikuta nikiwa mzima, na mashine zote mbili za cherehani zikiwa mbovu, kwa hiyo nimepata nafasi ya kujibu. Wajukuu wazima, wanakula kama wanalipwa. Habari ya daktari wako sikuipenda. Mwambie wifi asikuachie chumvi, hata kama huyo daktari kakata tamaa.

Nitaisahauje siku ile, kaka, nayo ndiyo siku uliyonipa jina? Nakuona umekaa mbele ya televisheni na miwani yako ya ualimu. Baba kwenye kiti karibu na mlango, amevaa koti kabisa kama amekuja kwenye mtihani, aamue kama nitaingia kwenye bendi yenu au nitashona. Yule mpiga besi wenu, Kobe, aliyebeba gitaa mgongoni kama gamba, ameegemea ukuta. Nikapiga. Uliporudisha nilichopiga nikajisikia niko nyuma ya ngoma, kama mtu anayekimbilia basi lililokwisha kuondoka. Nikasema, "Mbona nilipokuwa napiga haikuwa hivi?" Ukasema, "Kompyuta haina undugu na mtu." Kobe akacheka mpaka akakaa chini. Baba akainuka, akasema, "Basi, mama. Cherehani ipo."

Tangu hapo mimi ni Nyuma. Wanao wamekua wakiniita Shangazi Nyuma, na wangu wakadaka. Juzi kwenye harusi ya binti wa jirani nilipiga makofi mara mbili tu, mwanangu akanishika mikono: "Mama, utawapoteza wapiga ngoma." Tukacheka wote. Kwa hiyo kama unaniita nije kupiga, umekosea nyumba!

Sema hilo jambo lako. Unaandika kama mwanafunzi aliyevunja dirisha.

Mdogo wako

28 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini cherehani zimepona kuliko mimi. Nimekaa kitako kitandani, ubao wa kukatia mboga mapajani ndio meza yangu. Barua yako niliisoma mara moja, sikuweza tena. Ulicheka mle ndani, nami nilitamani kujifunika shuka.

Hukuwa nyuma. Siku ile, na siku nyingine yoyote niliyokusikia, hukuwa nyuma.

Ile programu ilikuwa na mistari kwenye skrini, kila chombo mstari wake, na pembeni ya kila mstari kisanduku kidogo. Ukiandika namba mle, kompyuta huzichelewesha noti zote za mstari huo kabla ya kuzitoa. Jana yake nilikuwa nimeweka sauti za tarumbeta kwenye mstari wa kinanda. Zilikuwa zinatangulia, nikaandika namba ili zingoje ngoma. Kisha nikazifuta tarumbeta, nikaisahau namba.

Wewe ukaja ukapiga kwenye mstari ule ule. Ulipokuwa unapiga, sauti ilitoka kwenye kinanda moja kwa moja, kwa hiyo ulijisikia sawa, na ulikuwa sawa. Niliporudisha, kompyuta ikakuchelewesha kama nilivyoiamuru. Ndiyo maana uliuliza lile swali. Lilikuwa swali sahihi kuliko yote yaliyoulizwa chumbani mle, nami nikalijibu kwa mzaha. Halafu nikakwambia urudie, uwahi kidogo. Ulipojaribu kuwahi, masikio yako yakakukataza, vidole vikagombana nayo, ukavuruga kila kitu. Hapo ndipo Kobe alipozidi kucheka.

Mtu akichelewa, huchelewa hapa zaidi, pale kidogo. Noti zako zote zilichelewa kwa kipimo kimoja. Niliziona kwa macho yangu kwenye skrini zimepangika kama vigae. Mwalimu wa hesabu mzima, na sikujiuliza.

Ningeishia hapa ningekuwa mjinga tu, na mjinga husamehewa. Sikiliza yanayofuata.

Siku chache baadaye nilimleta yule kijana aliyekuwa akipiga kinanda hotelini achukue nafasi yako kwenye bendi. Akapiga kwenye mstari ule ule. Nikarudisha, naye akasikika nyuma. Unajua nilifanya nini? Sikumcheka. Nilimwambia, "Samahani, bwana, mashine ina kasoro." Nikakagua waya, nikakagua ngoma, nikafika kwenye kisanduku, nikaiona namba, mwandiko wangu kama mtu anavyoweza kuwa na mwandiko kwenye kompyuta. Kwa mgeni nisiyemjua hata kabila la vidole vyake, nikaitilia shaka mashine. Wewe niliyekufundisha kupanda ngazi za noti kwenye meza ya chakula, nikakutilia shaka wewe.

Nikaifuta namba, nikanyamaza. Mkataba wa bendi kwenda kupiga hotelini ulikuwa karibu. Baba alishatulia. Nami nilikuwa msomi wa nyumba. Nilijiambia nitakuambia tukirudi kutoka hotelini, kisha ukiolewa, kisha Baba akiondoka. Jina la Nyuma liliposhika nililiitikia na mimi. Nimelitamka mbele ya wanangu mezani huku nikijua.

Hii ndiyo habari. Sina ya kuipamba.

Kaka yako

9 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Sijui kama barua yangu ilifika. Wifi yako anasema posta ni ya kuaminika siku hizi, nami ningependa kwa mara moja iwe mbovu. Mwanao alipiga simu akasema mko wazima, ila ulikuwa "na kazi nyingi". Nikasikia cherehani nyuma yake. Sikuomba kusema nawe.

Nimepungua. Sasa natembea mpaka dirishani tu. Huna deni la kunijibu.

Kaka yako

2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Pole kwa maumivu.

Barua ilifika. Niliiweka chini ya kitambaa cha suti ya mteja, nikamshonea suti nzima bila kuinua macho. Alipokuja kuijaribu, mkono mmoja ulikuwa mrefu. Miaka yote sijawahi kumharibia mtu mkono.

Unataka kujua nilichofanya na ule mchana wako? Siku ya harusi yangu nilimwambia mume wangu mguu unauma, nikakaa. Hakuwa na mke wa kucheza naye, akacheza na mama yake. Wanangu niliwalaza kwa hadithi, sikuwaimbia, nisije nikawaambukiza. Karakana yangu haina redio. Wasichana ninaowafundisha wanadhani ni mambo ya nidhamu. Na mguu huu kwenye pedali, kaka, haujawahi kuchelewa. Nilikuwa nautazama nikishangaa, inakuwaje mguu unajua na mkono haujui. Niliamini nina kitu kimevunjika ndani, na nikakubali, nikajifunza kuwa wa kwanza kucheka ili wengine wasinitangulie.

Lile la namba ningelisahau. Hata mimi nimewahi kukata kitambaa cha watu kwa kipimo cha mtu mwingine. Lakini yule wa hotelini uliinama chini ya meza kumtafutia kosa kwenye waya. Mimi hukunitafutia popote.

Kunyamaza kwako kulikuwa mezani, mbele za watu. Basi usinong'one kwenye karatasi. Waambie. Wanao, wifi, na huyo Kobe kama bado anapumua. Waambie kwa mdomo wako, wewe ukiwa umeamka na akili yako timamu, wasije wakasema ni homa. Usipofanya, usiniandikie tena, hata kama u mgonjwa. Najua ni neno gumu. Nimelipima.

Mdogo wako

20 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi naandika sentensi moja, napumzika, naandika nyingine. Usishangae herufi zikilala.

Nimewaambia. Jumapili, baada ya chakula, wote wakiwa wamekaa. Nilisema kila kitu, na la yule wa hotelini. Unajua walivyofanya? Mkubwa wangu akanipigapiga bega. "Baba, una huruma sana. Lakini shangazi tunamjua!" Wakacheka, kwa upendo kabisa. Walidhani mzee anagawa zawadi kabla ya safari. Nimewafundisha uongo vizuri mno, ukweli wangu umekosa pa kukaa.

Nikamwita Kobe. Amekuja na fimbo. Mgongo umekuwa wa kobe kweli sasa. Nikamwambia aunge kinanda, yeye macho bado anayo. Tukaipakia disketi. Ile ya kwanza uliyopiga, kabla sijaanza kukusumbua, ipo nzima. Niliiandika tena ile namba kwenye kisanduku, nikawaachia wasikilize. Ukawa nyuma, kama wanavyokujua. Mwanangu mdogo akasema, "Si ndiye huyo!" Kisha nikaandika sifuri, nikarudisha upya.

Hukuwa sawa na ngoma tu. Kuna mahali pale katikati mkono wako wa kushoto unaiegemea ngoma kama mtu aliyeegemea mlango wa kwao. Yule wa hotelini alipiga nasi miaka, hakuwahi kufika hapo. Nilikuwa nalijua hilo pia. Sikuliandika mara ya kwanza kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi.

Binti yangu alisema, "Tumemwita hivyo hadi mbele ya wakwe zake," akatoka nje. Mkubwa hakuniangalia. Wifi yako alikusanya vyombo ambavyo havijaisha chakula. Kobe alichukua fimbo yake, akasema, "Mzee, wewe ni mtu wa hovyo. Na mimi nilicheka." Akaondoka bila kunipa mkono, na kwa mwendo wake ilichukua muda kufika mlangoni, nami nililazimika kumtazama njia nzima.

Binti yangu ameurekodi muziki kwa simu, atautuma kwa mwanao. Usikilize ukiweza. Nami nakuomba msamaha sasa, kwa kuwa sina kingine nilichokificha. Niambie lolote, ila niambie.

Kaka yako

1 Julai

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unaweza kuisoma mwenyewe. Kama huwezi, wifi akusomee, yeye si mgeni kwa haya.

Binti yako alinipigia, alilia sana, ikabidi mimi ndiye nimbembeleze. Mkubwa naye alipiga. Alianza "Shanga..." akakwama, hakujua amalizie vipi. Nikamwambia "Shangazi" inatosha, ni neno zima.

Muziki niliusikiliza karakanani, wasichana wakiwepo. Mmoja akauliza, "Nani huyo anapiga?" Nikasema ni msichana mmoja wa zamani. Akasema anapiga vizuri. Nikasema ndiyo.

Nimeusikiliza tena peke yangu, nikijaribu kumtambua. Sikumtambua, kaka. Anapiga kama mtu asiyejua kwamba kuna mtu atamcheka. Mimi simjui mtu wa namna hiyo. Nimeangalia mikono yangu, ina alama za sindano na pasi, haina la kumwambia.

Umeniomba msamaha. Nimefikiri sana nikujibu nini, maana u mgonjwa na sitaki kukudanganya. Umedanganywa na wewe mwenyewe vya kutosha. Aliyekosewa ni yule msichana. Yeye ndiye mwenye msamaha wako, na nimemtafuta nyumba nzima, hayupo. Siwezi kuutoa kwa niaba yake. Ningeutoa ungekuwa wangu.

Lakini kaka ni wangu. Nimewaachia wasichana funguo, nimekata tiketi ya Alhamisi. Nitalala chumba cha mbele. Usinipigie huo muziki nikifika, na usiniombe nipige. Nitakukata kucha, maana wifi anasema humruhusu, na nitakupikia na chumvi. Tutaongea mambo mengine.

Nisubiri.

Mdogo wako