Nilisema Mlango wa Mbele Umefungwa

Mdogo wangu Deo, mtoto wa mama yangu,

Bwana asifiwe. Sijui kama salamu hii itakukuta mzima, lakini naianza hivyo hivyo, kwa sababu kuianza namna nyingine ni kukubali jambo ambalo moyo wangu haujalikubali. Naandika kwa mkono, kisha binti yako ataipiga picha na kuituma kwenye makundi yote ya simu anayoyajua: la kwaya, la wanunuzi wa kahawa, la waendesha bodaboda wa Kyerwa mpaka kule mpakani. Kwa hiyo watu wengi wataisoma kabla yako. Wasome. Polisi nao wana simu, wasome. Nimefika mahali ambapo kuona aibu hakunisaidii tena.

Deo, Jumatatu ndiyo mwisho. Hakimu amesema haahirishi tena. Usipoonekana mahakamani, kibanja changu, hilo shamba langu nililoliandikisha kuwa dhamana yako, kinaondoka, na mimi nitatakiwa kueleza kwa nini nisiwekwe ndani kwa niaba yako. Nimeyasema haya mwanzoni ili hata ukisoma mistari hii tu ukaizima simu, uwe umejua.

Unakumbuka nilivyokipata hicho kibanja? Mume wangu alipofariki, ndugu zake walinirudisha Bugene na mfuko mmoja na mkeka. Baba zetu wadogo wakaja wamejipanga kama wanakuja kutoa mahari. Wakasema mwanamke hapewi shamba la ukoo, ataleta humo mwanaume asiyejulikana. Wewe hukubishana nao. Ulichukua panga, ukakata vipande vya miti ya mpaka, ukaanza kuvipanda kimoja kimoja kutoka kwenye kahawa mpaka kwenye kaburi la mama, na wao wamesimama wanakutazama. Ulipomaliza ukanawa mikono, ukasema: "Baba wadogo, upande huu ni wa dada. Anayetaka kung'oa aanze na mimi." Kisha ukawaletea rubisi, pombe yako ya ndizi. Wakanywa, wakaondoka wakiimba, wamesahau walichokuja kukataa. Mimi nilibaki nimeshika mti mmoja, nalia kama mtoto.

Rubisi yako hiyo nimeigombeza miaka mingi, nawe unajua. Mimi niliyeokoka, mwimbaji wa sauti ya pili, nikaishi ubavuni mwa kilabu cha pombe! Nilikuwa nakuambia, "Deo, acha kazi hii, fuga hata kuku." Wewe unanijibu, "Dada, hata Yesu alitengeneza divai." Nakuambia ile ilikuwa divai, siyo rubisi. Unacheka: "Kwa sababu Kana hawakuwa na ndizi." Nikitoka hapo nimekasirika, nikifika njiani nacheka peke yangu.

Lakini ukweli ni kwamba kazi hiyo niliipenda kabla sijajua kuwa ni ya kuchukiwa. Baba alikuwa hataki msichana aingie kwenye mtumbwi wa kukamulia. Mimi nilichota maji na kukata nyasi tu, wewe ndiye uliyekanyaga ndizi, miguu imekuwa myeupe kwa utomvu, unaruka na kupiga vigelegele kama wanawake wa harusini. Baba akigeuka, unanichotea juisi ile tamu kabla haijachachuka. Na baba alitufundisha sote wawili, hata mimi ambaye isingenihusu: mwenye pombe anaonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, kutoka kibuyu kile kile. Mgeni asipokuona umeonja, anayo haki ya kuinuka na kuondoka, na jina lako limeharibika. Kwetu ndivyo tunavyomwambia mtu kwamba hatuna sumu naye.

Ndiyo maana naandika habari hii, kwa sababu ndiyo iliyokupeleka mahakamani.

Ule ugonjwa wa kuambukiza ulipoingia wilayani, mtendaji alipita na kipaza sauti juu ya bodaboda: "Vilabu vyote vya pombe, migahawa na minada, fungeni! Asiyefunga atafungwa!" Siku hiyo ulikuwa umeshakamua, mtama umeshatiwa, mtumbwi umefunikwa kwa majani. Rubisi ikichelewa siku tatu ni ya kumwaga. Nilikuambia, "Mwaga." Ukaniambia, "Dada, nitamwaga jasho la watu wanne kwa sababu ya kipaza sauti?" Ukachukua misumari na ubao, ukaugongomea mlango wa mbele mpaka Advera mkeo akaziba masikio. Kisha ukafungua ule wa nyuma unaotokea migombani. Nikakuuliza ndiyo nini hiyo. "Nimetii. Amesema fungeni, hakutaja mlango upi." Wateja wako walicheka sana. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Sasa nakuambia neno ambalo sijakuambia wewe wala Advera wala mchungaji.

Siku ya pili yake nilikuwa mbele nimeanika kahawa. Alikuja kijana mmoja mpole, hana sare, akashuka kwenye pikipiki na kuniamkia vizuri, "Shikamoo mama." Akauliza kama kilabu kimefungwa. Deo, nilijua si mteja. Viatu vyake vilikuwa safi mno. Ningeweza kusema "kimefungwa" na angeondoka. Lakini nikajiambia, mimi ni mtu wa Mungu, nitadanganyaje mchana? Na kukusaliti sikutaka pia. Basi nikachukua maneno yako ya mzaha nikayafanya ngao yangu. Nikasema, "Mlango wa mbele umefungwa, mwanangu."

Akatabasamu. "Na wa nyuma je, mama?"

Nikainama nikaendelea kugeuza kahawa ambayo nilikuwa nimeshaigeuza. Akasema "Asante sana mama," akazunguka nyumba.

Nilijiona nimeokoa dhamiri yangu. Nilihesabu sikudanganya na sikukutaja. Kumbe nilikuwa nimemwonyesha njia kwa kidole cha mtu anayejiona msafi. Huyo ndiye bwana afya aliyesimama kizimbani akasema aliingia kwa nyuma. Hakueleza nani alimjulisha, na mimi nilikaa kwenye benchi nimeshika Biblia yangu, sikueleza.

Nawe huko nyuma ukampokea kama mgeni. Nilikusikia kwa masikio yangu: "Karibu waitu, mwenzetu, kaa hapa kwenye kivuli." Ukakichukua kibuyu, ukaonja mbele ya macho yake kama baba alivyotufundisha, ukampa. Wewe ulikuwa unamwambia, kaka, huku uko salama. Kwenye karatasi ya mashitaka wakaandika kwamba ulimpa kibuyu ulichotoka kukitia mdomoni mwako, ukijua kuna ugonjwa.

Pale mahakamani Kayanga karani alipokusomea na kukuuliza ni kweli au si kweli, ungejibu neno moja tu, ndugu yangu! Ukasimama wima ukasema, "Ni kweli nilionja, mheshimiwa. Ningempaje mgeni kitu ambacho sijaonja?" Ukumbi wote ukacheka. Hakimu hakucheka. Si mtu wa huku, aliinama akaandika. Karani aliniambia baadaye kwamba "ni kweli" yenye maelezo huandikwa kama umekataa, ndiyo maana kesi ikapangiwa mashahidi.

Nilikudhamini siku ile ile. Barua ya serikali ya kijiji nilikuwa nimeibeba ndani ya kitabu cha nyimbo. Ulitoka mahabusu unanuka jasho la watu wengine, ukanishika mkono mpaka nyumbani kama tulivyokuwa tukitoka shule, na njia nzima hukuniambia mzaha hata mmoja. Hapo ndipo ningekuambia habari ya bwana afya. Nilifungua mdomo mara mbili. Nikasema, "Una njaa?"

Tarehe iliyofuata bwana afya akatoa ushahidi wake. Halafu ikaja habari ya yule wa barabara ya Nyakahanga, mwenye mgahawa, aliyefungwa miezi mitatu kwa kukaidi amri. Waliokuwa nawe mahabusu wakakuambia kwamba wewe una mawili, kukaidi amri na kueneza ugonjwa, kwa hiyo utaozea ndani. Asubuhi ukamwambia Advera, "Naenda Kibingo kuangalia ndizi za pombe, Jumatano narudi." Mimi ulinipungia mkono ukiwa juu ya bodaboda. Jumatano ikapita. Wiki iliyofuata dereva mmoja akatuambia amekuona Murongo unavuka kuingia Uganda, umebeba begi dogo, na alipokuita hukugeuka.

Deo, nikuambie mambo yalivyo sasa, maana naona huko uliko bado unaishi kwenye siku ile uliyoondoka. Ugonjwa umekwisha. Tangazo la kufungua lilitolewa kwa kipaza sauti kile kile. Vilabu vyote viko wazi, minada imejaa, watu wanapokezana kibuyu kama zamani. Na yule wa mgahawa, ambaye hukumu yake ndiyo uliyoikimbia, amemaliza kifungo chake, yuko nyumbani anauza maandazi na supu. Nilipita kwake nikamnunulia maandazi ili nimtazame tu. Ana afya, anatania wateja. Kaka, umekaa mafichoni muda mrefu kuliko kifungo ulichokikimbia.

Huku kilichobaki ni kesi peke yake. Kila tarehe naenda, naitwa mdhamini wa mshtakiwa, nasimama. Mara ya kwanza nilisema unaumwa, nikatubu njiani. Mara ya pili nilisema sijui uliko. Hakimu akavua miwani, akaniambia kwa upole kuliko alivyowahi kusema nami, "Mama, mdhamini ndiye anayejibu. Mlete ndugu yako, au tutaanza kuzungumza habari ya hicho kibanja." Upole wake ndio ulionikalisha kwenye benchi. Mtu akikufokea unapata hasira ya kukusimamisha.

Baba zetu wadogo wamesikia. Mkubwa wao alikuja juzi, akatembea kutoka kwenye kahawa mpaka kaburini kwa mama, anahesabu hatua kwa sauti. Nikamwamkia. Hakuitikia marahaba. Akasema, "Si tulisema? Mwanamke ukimpa shamba analipeleka mahakamani." Wewe ndiye uliyekuwa jibu langu.

Nimekwenda kwa wazee wawili wa kwaya ya zamani, watu wa kuheshimika, wamekubali kuja kumweleza hakimu maana ya kuonja kabla ya mgeni. Nami nimekata shauri kusimama kizimbani nieleze nilivyomjibu bwana afya, neno kwa neno, na nilivyonyamaza. Karani anasema mtu akijileta mwenyewe, mambo huwa mepesi, wengi wamepewa onyo au faini. Lakini mashahidi hawawezi kumtetea mtu ambaye hayupo. Kiti chako kikiwa kitupu, maneno yetu yote ni hewa.

Naomba mpaka magoti yameota sugu. Zamani nilikuwa najua kuomba kwa mpangilio, kushukuru kwanza, kutubu, ndipo kuomba. Sasa nasema jina lako tu. Naogopa kwamba umeugua na hukuwa na mtu wa kukuchemshia maji. Naogopa pia kwamba mzima u mzima, unajua kila kitu, na umechagua kutorudi. Hilo la pili ndilo linaloninyima chakula, na kama ni hivyo, sina haki ya kukulaumu, kwa sababu safari yako ilianzia mdomoni mwangu. Nikasirikie, Deo. Njoo unitukane mbele ya watu, nitaitika. Ila njoo.

Na wewe mwingine unayeisoma hii, kama kuna mwanaume wa makamo anayekamua ndizi kwa watu huko ng'ambo, anayecheka kabla hajamaliza kusema, msomee. Kama hataki kusikia, msomee mstari wa Jumatatu tu.

Mungu akufunike huko ulikolala, akupe nauli na akupe moyo. Jumatatu saa tatu nitakuwa kwenye benchi la kwanza. Karani huliita jina mara tatu. Akiliita mara ya kwanza, nitakuombea. Akiliita mara ya pili, nitatazama barabarani. Akiliita mara ya tatu na hujafika, nitasimama mimi.

Ni mimi dada yako, mdhamini wako.