Malengelenge Yaliyofuata Maua

Alhamisi, Mfungo Mosi, 1996

Joto la leo halina huruma, na mimi sina hamu hata ya chai.

Asubuhi niliitwa Makadara, nyumbani kwa Salma, bi harusi tuliyempaka maua ya hina na ya piko, ile rangi nyeusi, Jumatatu. Nilimkuta kitandani, mikono kailaza juu ya mto, kidole hakikunjiki. Malengelenge yamejaa maji, yanamwasha hadi analia. Na nikahi yake ni kesho.

"Umemwambukiza mwanangu upele wako, Rukia," mamake akaniambia. "Zuhura kaniambia yote."

Zuhura! Shoga yangu, niliyesoma naye chuo cha Kurani hapa Kuze, niliyepaka naye maharusi miaka tisa.

Ni kweli, tangu Shaabani vidole vyangu vinawasha, ngozi inapasuka. Zuhura ndiye aliyesema ni upele, nipumzike, nisije nikawaambukiza watu. Nikamshukuru. Nikajipaka salfa kila siku, nikaacha kumkumbatia mwanangu. Jumatatu aliniita mwenyewe, kazi ilipomzidi.

Nikautazama vizuri mkono wa Salma.

Malengelenge hayakutawanyika ovyo. Yalifuata ua kwa ua, jani kwa jani, pale tu piko nyeusi ilipopita. Palipopakwa hina tupu pazima kabisa. Upele haufuati mchoro. Huingia baina ya vidole, kwapani, kiunoni, na ukiingia nyumbani hujikuna nyumba nzima. Kwangu najikuna mimi peke yangu, tena mikono tu. Nilikuwa wapi nisilione hilo?

"Mama, huu si upele. Twende kwa daktari sasa hivi."

Alinitazama kama mwizi, lakini akavaa buibui. Daktari hakuchelewa kusema: ngozi imekataa kitu kilichotiwa kwenye piko. Akashika na mikono yangu, bila kuogopa, akasema ni hicho hicho. Salma akapewa dawa. Alama huenda zikabaki.

Kutoka huko nikaenda moja kwa moja kwa Zuhura.

"Umetia nini kwenye piko?"

Akaufunga mlango kwanza. Kisha: "Rangi ya nywele, ile ya unga, tangu Rajabu. Hukoza upesi, na maharusi wanaipenda."

"Na mikono yangu? Ulijua?"

"Nilijua, shoga. Lakini ningesema, nani angetuita tena?"

Alijua.

Sikumtukana. Nilitamani. Nilichukua mkoba wangu wa hina nikatoka, naye akaniita mara mbili kwa jina la utotoni.

Kinachoniuma si vidole. Ni kwamba alinitazama nikijitenga na watu kwa aibu, akanipa pole.

Nikahi ikishapita, nitapita kwa maharusi wote tuliowapaka tangu Rajabu, nyumba kwa nyumba, niwaambie ni nini kilichokuwa kwenye mikono yao. Wengine watanifungia mlango. Haki yao.

Lakini Zuhura nikikutana naye njiani, nami lazima nitakutana naye, nitamwamkia vipi?